Fundisho la Mwezi: Chupa ya Sukre Katika Nyumba Zetu

Masomo ya kusoma pamoja: Danieli 1:8-16, Mithali 25:16, 1 Wakorinto 6:19-20



Mwezi huu tunapenda tusemezane juu ya jambo ambalo wengi wataliona kuwa dogo. Ni ile chupa ya kinywaji kitamu tunayomfungulia mgeni. Wengine wanaiita soda, wengine sukre, na wengi wetu tunasema tu Fanta, hata kama chupa yenyewe ni Coca au Vital'O. Sisi tulioiacha pombe tunaijua chupa hiyo kuliko watu wengine. Kwenye arusi zetu, ubatizo, sikukuu ya mavuno na mapokezi ya wageni kutoka parokia nyingine, kazie za sukre ndizo zinazoingia mlangoni. Tuliifukuza pombe, na jambo hilo ni jema. Lakini hatukujiuliza sana kile tulichokiweka mahali pake kinafanya nini mwilini.

Hatuandiki ili kuweka sheria mpya. Sukre si dhambi. Tunaandika kwa sababu ya jambo lililotufikia sisi wenyewe.

1. Jambo lililotufundisha

Katika kikundi chetu cha kutembelea wagonjwa yuko mama mmoja, mtu mzima, hodari wa maombi. Kila alipoingia nyumba ya mtu, mwenye nyumba alimtuma mtoto mbio butiki akalete chupa baridi. Kukataa ni kumwaibisha mwenye nyumba, basi mama alikunywa. Nyumba tatu kwa siku, chupa tatu. Na nyumbani kwake kulikuwa na chai yenye sukari ya kutosha.

Baadaye alianza kusikia kiu isiyoisha. Usiku aliamka mara nne, mara tano, kwenda kukojoa. Alikonda. Kidonda kidogo kwenye kidole cha mguu kilikataa kupona. Watu walianza kunong'ona: wengine walisema amelishwa sumu, wengine walisema ni majirani wabaya. Na sisi tulipokwenda kumwombea, tulimpelekea nini? Tulimpelekea sukre, chupa mbili, ili apate nguvu.

Siku alipofika kituo cha afya, munganga alimchoma kidole, akatazama tone la damu kwenye mashine, na jibu likatoka palepale: ugonjwa wa sukari. Leo anakunywa dawa zake kila siku, anakula kwa kipimo, na kidonda kilifunga baada ya miezi mingi. Hatusemi ni chupa zetu peke yake zilizomletea ugonjwa, kwa maana ugonjwa huo una sababu nyingi. Lakini tunajua kwamba alipokuwa anaumwa tayari, sisi tuliompenda tulikuwa tukimwongezea mzigo kwa mikono yetu. Ndiyo maana tunasema leo.

2. Ndani ya chupa mna nini?

Tufanye hesabu, kwa maana hesabu haina upendeleo. Coca-Cola ya sentilita 33 ina gramu 35 hivi za sukari. Kijiko kidogo cha chai hubeba gramu 4 hivi. Basi chupa moja ni karibu vijiko 9. Vinywaji vitamu vingine havifanani vyote, vingine vinapungua, vingine vinazidi, lakini vingi havikai mbali na hapo. Vile vya kimea visivyo na pombe, ambavyo watu huwapa mama wanaonyonyesha, navyo vina sukari. Vile vinavyoitwa vya nguvu, ambavyo vijana wa pikipiki na wachimbaji wa dhahabu wa Misisi hupenda, vina sukari pamoja na kafeini nyingi, ile dawa iliyomo katika kahawa. Hiyo inafukuza usingizi lakini haiondoi uchovu. Mtoto asipewe kabisa.

Hakuna mama ambaye angemwekea mtoto wake vijiko 9 vya sukari katika kikombe kimoja cha chai. Angeona anaharibu sukari na anaharibu mtoto. Lakini ndani ya chupa hatuzioni, kwa sababu ubaridi, gesi na uchachu vinauficha utamu.

Shirika la Afya la Ulimwengu lilitoa shauri lake mwaka 2015. Lilisema kwamba sukari inayotiwa katika vyakula na vinywaji, pamoja na ile ya asali na ya maji ya matunda, isipite sehemu moja ya kumi ya nguvu zote tunazopata kwa chakula cha siku. Kwa mtu mzima anayekula kiasi cha kawaida, hiyo ni gramu 50 hivi, yaani vijiko 12. Likaongeza kwamba ni vizuri zaidi kukaa chini ya nusu ya hiyo, gramu 25 hivi, yaani vijiko 6. Kwa mtoto mdogo kipimo kinapungua zaidi, kwa sababu chakula chake ni kidogo.

Sasa tazama. Chupa moja, vijiko 9, imekwisha kupita kile kipimo kizuri. Ukiongeza vikombe viwili vya chai, kila kimoja na vijiko 2, umefika 13, na kipimo kikubwa nacho umekipita. Anayekunywa chupa moja kila siku, kwa siku 30 amekunywa zaidi ya kilo moja nzima ya sukari, bila kuhesabu chai, mandazi na mikate.

Matunda mazima hayamo katika hesabu hiyo. Embe, nanasi, ndizi mbivu na papai vina utamu, lakini utamu huo umefungwa pamoja na nyuzi za tunda, unaingia mwilini polepole, na tumbo linasikia limeshiba. Tunda likikamuliwa likawa maji matupu, hapo linaanza kufanana na sukre.

3. Sukari ya kunywa inafanya kazi gani mwilini?

Mungu aliweka nyuma ya tumbo letu kiungo kinachoitwa kongosho. Kazi yake mojawapo ni kutoa insulini, ambayo ni kama ufunguo: inafungua milango ya mwili ili sukari itoke katika damu iende kufanya kazi. Tukila ugali na maharagwe, sukari inaingia katika damu pole kwa pole. Tukinywa sukre, inaingia kwa haraka, yote pamoja, na kongosho linalazimika kukimbia. Mtu akifanya hivyo siku zote, akanenepa tumboni, akakaa bila kazi ya mwili, na kama katika jamaa yake ugonjwa huo upo, ufunguo unaanza kushindwa kufungua. Sukari inabaki katika damu. Huo ndio ugonjwa wa sukari wa watu wazima.

Wachunguzi walikusanya mwaka 2010 habari za watu zaidi ya 300,000 kutoka katika masomo mbalimbali. Waliona kwamba wanaokunywa vinywaji vitamu mara moja au mbili kila siku wana hatari ya kupata ugonjwa huo inayozidi kwa 26 katika 100 ile ya watu wasiokunywa au wanaokunywa mara chache sana.

Tusichanganye mambo. Kuna ugonjwa wa sukari unaowapata watoto na vijana ambao hauletwi na kula sukari. Mwili wenyewe unaharibu sehemu ile ya kongosho inayotoa insulini. Mtoto wa namna hiyo asilaumiwe, wala mama yake asilaumiwe. Anahitaji sindano za insulini kila siku, na bila hizo atakufa.

Alama za kuangalia ni hizi: kiu nyingi, kukojoa mara nyingi, kukonda bila sababu, macho kuona ukungu, vidonda visivyopona, miguu kufa ganzi. Mwenye alama hizo aende kupimwa damu. Akipimwa asubuhi kabla ya kula, na sukari ikafika miligramu 126 au zaidi katika desilita moja ya damu, na ikirudiwa siku nyingine ikawa vilevile, huo ni ugonjwa wa sukari. Tutamwombea, na maombi yetu hayatakoma. Lakini tunasema wazi mbele ya wote: asiache dawa, na mtu yeyote asimwambie aache dawa kwa jina la maombi. Sukari ikikaa katika damu miaka mingi inaharibu macho, figo na mishipa ya miguu, nayo huharibu kimyakimya.

4. Tumbo la mtoto ni dogo

Katika vijiji vyetu tunaona watoto wawili tofauti. Yuko mtoto wa mwenye duka anayenenepa kwa biskuti na sukre. Yuko pia mtoto wa mkulima au wa mkimbizi ambaye nywele zake zinageuka rangi na miguu inavimba kwa kukosa chakula cha kujenga mwili. Tungefikiri sukre inamdhuru yule wa kwanza tu. La. Inamdhuru na huyu wa pili.

Tumbo la mtoto ni dogo kama ngumi yake. Likijaa sukre, ugali na ndagala havipati nafasi. Na ndani ya Coca au Fanta hamna protini, hamna mafuta, hamna madini ya chuma. Mna maji, sukari, gesi, uchachu, rangi na harufu. Mtoto ananyamaza, mama anafikiri ameshiba, kumbe amedanganywa.

Mama, ukiwa sokoni Baraka na fedha mkononi, simama kidogo ufanye hesabu. Fedha ya chupa hiyo ingekupa mayai mangapi? Ingekupa fungu gani la ndagala, la karanga au la maharagwe? Tanganyika imetupa samaki, na michikichi yetu imetupa mawese mekundu yenye vitamini A inayolinda macho ya watoto. Si vizuri kuuza ndagala na mawese ili tununue maji yenye rangi.

5. Je, sukre nyekundu inaongeza damu?

Wapo wanaosema kwamba kinywaji chekundu kinaongeza damu, na kwamba ukikichanganya na yai au nyanya ya kopo ni dawa ya mtoto aliyeishiwa damu. Wapendwa, wekundu huo ni rangi tu. Damu haijengwi kwa rangi. Inajengwa kwa madini ya chuma na vyakula vinavyojenga mwili: samaki, nyama, ini, maharagwe, sombe na lengalenga, pamoja na tunda kama chungwa au papai linalosaidia chuma hicho kuingia mwilini.

Tena watoto wengi wa kando ya ziwa wanaishiwa damu kwa sababu ya malaria na minyoo. Mtoto mwenye viganja vyeupe, anayehema mbiombio, asiyeweza kunyonya wala kucheza, usimkalishe nyumbani na chupa nyekundu. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Saa moja inayopotea kwa kumnywesha rangi inaweza kuwa saa yake ya mwisho.

6. Wakati wa kipindupindu

Sisi watu wa Tanganyika tumeujua kipindupindu tangu miaka ya 1970, na katika Fizi na Baraka hakijatuacha. Kwa hiyo tunaielewa sababu ya mtu anayesema: "Afadhali Fanta, maana maji yetu yanaua." Neno hilo lina ukweli. Chupa iliyofungwa kiwandani haina kipindupindu. Msafiri aliyeshuka mtumbwini na hana maji safi, akinunua chupa iliyofungwa kuliko kuchota ziwani, amefanya vema.

Lakini angalia tofauti mbili.

Ya kwanza: jusi ya unga inayokorogwa katika ndoo na kuuzwa kwa vifuko vya plastiki si chupa ya kiwanda. Usalama wake ni usalama wa maji yaliyotiwa humo. Kama maji yalichotwa ziwani au mtoni bila kuchemshwa, utamu hauui vijidudu.

Ya pili, na hii ni ya kufa na kupona: mtu akisha kuugua kuhara, sukre si dawa yake. Maji ya dawa yaliyomo katika paketi, yale ya kuchanganya na lita moja ya maji safi, yana gramu 13.5 za sukari pamoja na chumvi kwa kipimo. Lita moja ya Coca ina gramu 106 hivi, karibu mara nane zaidi, na chumvi yake ni kidogo mno. Sukari nyingi hivyo ikifika matumboni inavuta maji kutoka mwilini na kuyaingiza katika matumbo, na kuhara kunaweza kuzidi. Tunafikiri tunamnywesha mtoto, kumbe tunamkausha.

Kama paketi haipo, tengeneza hivi: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Usizidishe. Mnyweshe kidogo kidogo, mara nyingi, ukiwa njiani kumpeleka kwenye kituo cha afya. Mtoto wa kunyonya aendelee kunyonya.

Na maji ya kunywa kila siku? Chemsha mpaka yatokote sana kwa dakika moja. Ndugu zetu wa milima ya juu, kama Minembwe, mahali panapopita meta 2,000, wachemshe dakika tatu, kwa maana kule maji hutokota kabla ya kupata moto wa kutosha. Kama makaa hayapatikani, chupa yenyewe ya plastiki iliyokwisha kunywewa inaweza kutusaidia. Chukua chupa nyeupe inayoonyesha ndani, isiyozidi lita mbili, isiyowahi kutiwa petroli wala dawa. Ioshe, ondoa karatasi yake, ijaze maji yasiyo na tope, ifunge, uilaze juani saa 6. Kama mawingu ni mengi, iache siku mbili. Jua linaua vijidudu. Hivyo chupa iliyoingia nyumbani na sukari inabaki nyumbani na maji ya uzima.

7. Mlango ambao sukre ni dawa

Tusiwe watu wa kukataza tu. Kuna saa ambapo sukre inaokoa. Mgonjwa wa sukari anayepiga sindano za insulini, au anayekunywa vidonge vya namna fulani, akikosa kula, sukari yake inaweza kushuka ghafula. Anatetemeka, anatoka jasho la baridi, maneno yake yanachanganyika kama mlevi. Watu wa kanisa wasiseme amelewa au ameingiwa na pepo. Kama bado anaweza kumeza, mpe nusu kilauri ya sukre, au maji yenye vijiko 4 vya sukari. Ngoja dakika 15. Kama hajapata nafuu, rudia. Akipona, ale chakula. Kama amezimia, usimtie kitu kinywani, maana kitaingia mapafuni. Mlaze kwa ubavu na mwite munganga upesi.

Kwa sababu hiyohiyo, mgonjwa wa sukari asiingie katika mfungo bila kuzungumza kwanza na munganga. Anaweza kufunga maneno mabaya, anaweza kufunga hasira, na Mungu anauona moyo wake. Nasi tulio wazima, tunaposhuka mlimani baada ya siku ya kufunga, tusianze na chupa ya sukre katika tumbo tupu. Tuanze na maji, uji mwepesi, ndizi au papai.

8. Basi tufanyeje?

Danieli na wenzake watatu walikuwa mahali pa heshima, mbele ya vyakula vya mfalme. Hawakufanya ghasia. Waliomba kwa upole wajaribiwe siku kumi kwa mboga na maji, na nyuso zao zikashuhudia. Sulemani naye alimshauri mtu aliyepata asali ale kiasi chake tu, asije akatapika. Hakumwambia aitupe. Alimwambia ajue kipimo. Sisi nasi tunapendekeza mambo haya:

Sukre iwe kinywaji cha sikukuu, isiwe cha kila siku. Kitu cha kila siku ni maji safi.

Chupa moja ifunguliwe kwa watu wawili, kila mtu kilauri yake. Nusu chupa ni vijiko 4 na nusu, na furaha haipungui.

Inywewe pamoja na chakula, kwa mara moja, isiwe ya kushika mkononi mchana kutwa. Vijidudu vya kinywani vinageuza sukari kuwa uchachu unaotoboa meno, na kila funda jipya linaanzisha kazi hiyo upya. Ukimaliza, sukutua kwa maji. Mswaki uje baada ya nusu saa, maana uchachu unalainisha jino kwanza.

Siku ya sukre, punguza sukari ya chai. Anayetia vijiko 3 aanze na 2, kisha 1. Ulimi unajifunza baada ya majuma machache.

Mtoto mchanga asitiwe sukre katika chupa ya kunyonya, hata ya kumtuliza.

Anayekwenda kumsalimu mgonjwa achukue mayai, ndizi mbivu, parachichi, unga wa uji au samaki. Aulize kwanza ugonjwa wake ni upi.

Kwenye arusi na mapokezi, kamati iweke bidoni la maji yaliyochemshwa na vilauri safi mezani, mahali pa heshima pamoja na kazie, si nyuma ya nyumba. Sahani ya nanasi lililokatwa, karanga za kukaanga na embe za wakati wake zina heshima ya kutosha kwa mgeni yeyote.

Na hili ndilo kubwa: mwenye nyumba asifungue chupa kabla ya kuuliza. Aseme, "Mama, tukupe maji au sukre?" Na mgeni akisema maji, mwenye nyumba asiudhike. Yule mama wetu, siku ya kwanza alipoomba maji, mwenye nyumba alisema, "Mama, unatudharau?" Mama akalia. Tulipoona machozi hayo tulielewa kwamba ugonjwa huu haumpigi mtu peke yake. Unapiga na desturi zetu. Tangu siku hiyo tulikubaliana katika kikundi chetu kwamba anayeomba maji hatamweleza mtu sababu. Wazee walikubali kwanza, na wazee walipokunywa maji mbele ya watu, aibu iliondoka.

Mwili huu, Mtume Paulo anatufundisha, ni hekalu, wala si mali yetu wenyewe. Tunafagia nyumba ya maombi kila Jumamosi jioni. Tusisahau kufagia na hekalu hili jingine, na tusimwekee mwenzetu takataka katika hekalu lake huku tukiita upendo.

Maswali ya kujifunza katika vikundi

1. Wiki iliyopita ulikunywa chupa ngapi, na vikombe vingapi vya chai? Hesabu vijiko.

2. Kwa nini Coca haifai kuwa dawa ya mtoto anayehara? Kila mtu aonyeshe kwa vijiko jinsi ya kutengeneza maji ya sukari na chumvi.

3. Ni nani katika kikundi chetu mwenye ugonjwa wa sukari? Kama anapenda tumjue, tumsaidieje siku ya sikukuu na siku ya mfungo?

4. Kamati ya mapokezi itabadili kitu gani kabla ya sikukuu ijayo ya mavuno?

Mungu wa wazee wetu awape afya ya mwili na ya roho, awalinde watoto wenu kando ya ziwa na juu ya milima, na maji ya visima vyenu yawe ya uzima. Amina.